Daktari Hafunzwi Darasani Tu

Ingia katika darasa lo lote la shule ya sekondari upande wa Suguti, Wilaya ya Musoma, uwaulize wanafunzi wanataka kuwa watu gani watakapokuwa wakubwa. Hutatoka bila ya kusikia neno "daktari". Atalisema mtoto wa mvuvi, atalisema mtoto wa mkulima wa mihogo, na pengine atalisema kwa sauti kubwa kuliko wote yule ambaye kwao aliugua mtu usiku akapakiwa juu ya baiskeli kupelekwa zahanati. Neno hilo ni jema, nasi twalipenda. Walakini twauliza: baada ya mtoto kulisema, sisi watu wazima twampa nini zaidi ya daftari na kitabu?

Hatusemi leo juu ya masomo yenyewe. Fizikia, Kemia na Biolojia lazima zisomwe, na asiyezijua hana njia ya kuingia katika chuo cha udaktari. Twasema juu ya yale yafanyikayo baada ya kengele ya mwisho kulia: klabu ya afya, mdahalo, maonyesho ya sayansi, siku ya kutoa damu, mafunzo ya huduma ya kwanza, ziara ya hospitali, na safari za wanafunzi kwenda vijijini kuwapima watu na kuwaelimisha. Mambo hayo watu wengi huyaita ya ziada, mfano wa nyongeza ya mwenye duka, ambayo mnunuzi akipewa hushukuru, na asipopewa hana la kudai. Sisi hatuyaoni hivyo. Twaona ya kuwa ni sehemu ya elimu yenyewe ya mtu atakayewatibu watu, na mtoto akoseshwapo sehemu hiyo amepunjwa haki yake.

Tazameni yatendekayo vyuoni. Pale Muhimbili, Dar es Salaam, shule ya udaktari ilifunguliwa mwaka 1963, ikawa kitivo cha chuo kikuu mwaka 1968, na mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kinachojitegemea. KCMC huko Moshi na Bugando huko Mwanza ni hospitali zilizofunguliwa mwaka 1971, na baadaye kila moja ikapata chuo chake cha udaktari. Katika vyuo vya namna hiyo mwanafunzi hakai na vitabu peke yake. Kuna Chama cha Wanafunzi wa Udaktari Tanzania, kijulikanacho kwa jina la TAMSA, ambacho kimeungana na shirikisho la dunia la wanafunzi wa udaktari lililoundwa mjini Copenhagen mwaka 1951. Kwa njia ya shirikisho hilo mwanafunzi wa nchi moja aweza kukaa majuma kadhaa katika hospitali ya nchi nyingine, naye mwenzake akaja huku. Kuna mikutano ya kisayansi ambamo kijana husimama mbele ya walimu wake kueleza uchunguzi alioufanya. Kuna siku za kupima shinikizo la damu na sukari bila ya malipo. Kuna midahalo, kuna michezo, na kuna wiki za huduma kwa jamii.

Mtu aweza kudhani ya kuwa hayo ni tafrija ya vijana. La hasha. Mwanafunzi aliyekaa chini ya mwembe, akamweleza mama mzee kwa maneno ya kueleweka kwa nini dawa ya shinikizo la damu haiachwi siku mtu ajisikiapo nafuu, amejifunza somo ambalo hakuna karatasi ya mtihani iwezayo kulipima. Aliyepanga siku ya kutoa damu, akatafuta viti, akaomba ukumbi, akazungumza na wakubwa, akapatanisha wenzake waliogombana, amejifunza jinsi ya kuendesha wodi kabla hajaajiriwa. Aliyesimama mkutanoni akaulizwa swali asiloliweza, akasema mbele ya watu kwamba hajui, huyo amepata adabu kubwa katika kazi ya uganga. Daktari asiyeweza kutamka neno "sijui" ni hatari kwa wagonjwa wake.

Basi sasa mfikirini kijana wetu wa Suguti. Amefaulu kidato cha sita, amepata nafasi, amepanda basi kwenda mjini. Mbele yake iko miaka mitano ya chuo na mwaka mmoja wa utarajali kabla hajaruhusiwa kutibu kwa kujitegemea. Katika darasa la mwaka wa kwanza amewakuta wenzake waliokwisha kushiriki maonyesho ya sayansi, waliokwisha kupewa mafunzo ya Msalaba Mwekundu, ambao wazazi wao au majirani zao ni madaktari. Wao wajua namna ya kumwendea profesa na kumwuliza swali. Yeye anajua kunyamaza, kwa kuwa alifundishwa kwamba kunyamaza ndiyo heshima. Huenda alama zake ni sawa na zao au zawapita. Lakini matangazo ya chama yabandikwapo ukutani, wao huyasoma kama barua zilizoandikwa kwao, naye huyapita kama kwamba yanawahusu watu wengine. Hapo ndipo nafasi zinapompita, si kwa kukatazwa na mtu, bali kwa kuwa hakuna aliyepata kumwambia kwamba ni zake pia.

Jambo hili halimdhuru kijana huyo tu. Latudhuru sote. Wakati wa Uhuru mwaka 1961 hesabu inayotajwa siku zote ni kwamba nchi ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Leo hatuko huko tena, nasi twashukuru. Shida ya sasa ni nyingine: daktari amepatikana, je, atakubali kukaa vijijini? Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo juu ya swali hilo mwaka 2010, likayapitia upya mwaka 2021. Miongoni mwa yaliyopendekezwa ni mawili yanayotuhusu moja kwa moja. La kwanza ni kwamba vijana wenye asili ya vijijini waingizwe kwa wingi katika vyuo vya afya, kwa kuwa wao ndio wenye mwelekeo mkubwa wa kurudi kufanya kazi vijijini. La pili ni kwamba wanafunzi wa vyuo hivyo, wa mjini na wa shamba, wapelekwe vijijini wangali wakisoma. Kwa maneno mengine, anayetaka daktari wa kukaa Suguti na amtafute Suguti, tena amlete Suguti kabla hajamaliza masomo.

Wala mtu asiseme kwamba Mkoa wa Mara hauna pa kuanzia. Musoma mjini kuna chuo kinachofundisha matabibu. Huko Rorya kuna Hospitali ya Shirati, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kimenoni katika miaka ya 1930, ambayo inacho chuo chake cha afya. Kwangwa ipo Hospitali ya Rufaa yenye jina la Mwalimu Nyerere. Suguti penyewe ipo hospitali ya wilaya. Na Bugando si mbali hivyo. Ni mwendo wa kilomita mia mbili na ushee kutoka Musoma. Katika nyumba zote hizo wamo watu wenye elimu ambao wangeweza kumfungulia mtoto mlango, na si kwa udaktari peke yake. Wamo wauguzi na wakunga, wamo wataalamu wa maabara, wafamasia, na mafundi wa mionzi. Watoto wengi hutaja udaktari kwa kuwa ndiyo kazi pekee ya hospitali waliyopata kuisikia. Wakipata kuziona nyingine huenda wengi wakaipata ile inayowafaa.

Historia ya nchi yetu yaonyesha thamani ya mambo yafanyikayo nje ya darasa. Mtoto mmoja wa Butiama, Julius Nyerere, alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaenda Tabora, na mwaka 1943 akafika Makerere. Alikwenda huko kusomea ualimu, na ualimu akaupata. Lakini papo hapo Makerere, yeye na wenzake wachache wa kutoka Tanganyika walianzisha chama cha wanafunzi cha kujadili hali ya watu wao. Hakuna mtahini aliyewapa alama kwa ajili ya chama kile. Makerere hiyo hiyo ndiko alikosomea udaktari Vedasto Kyaruzi, ambaye mwaka 1950 alikuwa Rais wa TAA, chama ambacho Nyerere alikuja kukiongoza mwaka 1953. Kyaruzi alitibu wagonjwa na papo hapo akashika uongozi wa watu. Hatudai ya kuwa kila klabu ya wanafunzi itazaa kiongozi wa nchi. Twasema tu kwamba mambo makubwa huanza katika mikutano midogo ya jioni, na kwamba anayezoea kukaa na wenzake kulitazama tatizo la watu hawezi kuizoea tabia ya kulipita.

Au mchukueni Dokta Leader Stirling. Alifika kusini mwa Tanganyika mwaka 1935 akiwa daktari mpasuaji wa misioni, na toka mwaka 1975 hata 1980 alikuwa Waziri wa Afya wa nchi hii. Mtu huyo, aliyekuwa na wagonjwa wengi kuliko wakati wake, alipata nafasi pia ya kuwaongoza Maskauti. Yeye hakuona kwamba kambi ya vijana ni mchezo wa kumpotezea daktari saa zake.

Twajua wako wazazi na walimu watakaotupinga, na hoja yao si ya kudharauliwa. Watasema: mtoto wetu anatembea mwendo mrefu kwenda shule na kurudi, maabara haina vifaa vya kutosha, walimu wa sayansi ni wachache, naye anatakiwa afaulu mtihani. Je, mnataka apoteze jioni zake katika vilabu? Jibu letu ni kwamba hatutaki klabu ya kupoteza jioni. Twataka klabu ambayo humfanya mtoto alielewe somo lile lile kwa macho na mikono yake. Mtoto aliyekariri mzunguko wa maisha ya mnyoo wa kichocho toka ubaoni, huusahau mara mtihani uishapo. Aliyeuona nyumbani kwake hausahau.

Kichocho ni mfano uliotufika mlangoni. Watu wa Suguti waishi kati ya mto na Ziwa Victoria. Humo huoga, hufua, huvua na kuteka maji. Mayai ya mnyoo wa kichocho cha tumbo hutoka katika choo cha mtu mgonjwa, yakafika majini, yakaangua vijidudu viingiavyo katika konokono wa maji. Ndani ya konokono vijidudu hivyo huongezeka, kisha hutoka jua likiwa juu na kupenya ngozi ya ye yote aliye majini. Dawa ya prazikwanteli huwaua minyoo, lakini haimzuii mtu kuambukizwa tena arudipo majini kesho. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo chake Mwanza ambacho kwa miaka mingi kimeshughulikia ugonjwa huu. Sasa, ni klabu gani ya wanafunzi iliyo na kazi bora kuliko hii? Wachore ramani ya mahali watu wanapoogea na kuteka maji. Wahesabu nyumba zisizo na choo. Waende pamoja na mwalimu wao hospitalini, mtaalamu wa maabara awaonyeshe katika hadubini lile yai lenye mwiba ubavuni. Kisha wayapeleke matokeo yao mbele ya serikali ya kijiji, wayasome kwa Kiswahili safi, waulizwe maswali na wazee. Kazi hiyo ni biolojia, ni jiografia, ni hesabu, na ni utumishi. Tahadhari moja tu: wanafunzi wasiingie majini kutafuta konokono, na wasiguse choo cha mtu, hayo ni ya wataalamu.

Na kijana asidhani ya kuwa ugunduzi ni kazi ya wazee wenye mvi. Theodor Bilharz alipomgundua mnyoo wa kichocho mjini Cairo mwaka 1851, alikuwa na umri wa miaka 26. Hapa kwetu mpango wa Young Scientists Tanzania, ulioanzishwa mwaka 2011, huwakusanya wanafunzi wa sekondari Dar es Salaam kuonyesha kazi zao za uchunguzi, na wako walioshinda wakapata kusomeshwa. Ramani ya maji ya Suguti, ikifanywa kwa uangalifu, yastahili kuwamo katika maonyesho hayo.

Kazi ya pili ni damu. Mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, au mtoto akiishiwa damu kwa malaria au kwa selimundu, hotuba haimfai. Yafaa chupa ya damu iliyokwisha pimwa. Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ulioanza mwaka 2004, umewategemea sana wanafunzi katika uchangiaji wa hiari. Anayeruhusiwa ni mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na uzito usiopungua kilo 50; mwanamume aweza kurudia baada ya miezi 3, na mwanamke baada ya miezi 4. Wanafunzi wa kidato cha tano na sita waliotimiza masharti hayo waweza kutoa. Wadogo zao hawawezi, lakini waweza kuandika majina, kugawa maji ya kunywa, na iliyo kazi kubwa zaidi, kwenda nyumba kwa nyumba kuwaondolea watu hofu na uvumi. Siku ya Wachangia Damu Duniani ni tarehe 14 Juni. Siku hiyo aghalabu huangukia likizoni, basi shule na zichague siku yao ndani ya muhula, kabla ya kufunga.

Kazi ya tatu ni huduma ya kwanza. Sisi watu wa ziwa twajua mitumbwi huzama. Wengi wetu tungali twaamini ya kuwa aliyezama huokolewa kwa kuinamishwa au kubingirishwa ili maji yamtoke. Mafundisho ya leo yasema wakati usipotezwe hivyo. Asiyepumua apuliziwe pumzi upesi, abonyezwe kifua, na papo hapo msaada uitwe. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Tanzania kimekuwapo kwa sheria tangu mwaka 1962, na kufundisha mambo haya ni sehemu ya kazi yake. Shule iliyo karibu na maji isiyo na hata wanafunzi kumi wanaojua kumpulizia mtu pumzi imekosa jambo la lazima. Na hapa hatusemi juu ya kumwandaa daktari wa baadaye peke yake. Twasema juu ya mtu atakayekuwa hai jioni ya leo.

Sasa tuwageukie vijana wetu walioko vyuoni. Ninyi mliotoka Suguti, Majita, Bunda na Butiama, mkaingia Muhimbili, Bugando, KCMC au vyuo vingine, mwarudi nyumbani kila likizo kubwa. Twawaomba siku tano tu. Andikeni kwa mkuu wa shule mapema, andikeni kwa mganga mkuu wa wilaya, mje pamoja na wenzenu wa chuo, wakiwamo wale ambao hawajapata kulala kijijini. Siku mbili kaeni na wanafunzi: waelezeni mlivyosoma, mlivyoshindwa na mkainuka, jinsi mikopo inavyoombwa, na kwamba yale matangazo ya ukutani ni yao. Siku mbili fanyeni kazi na wauguzi wa hapa, chini ya amri yao. Siku ya tano wasikilizeni wazee. Wiki za afya mfanyazo chuoni ni njema. Ziacheni zitembee, zisifie langoni kwa chuo. Vyama vyenu vina desturi ya kwenda vijijini. Twawakumbusha tu kwamba hiki nacho ni kijiji.

Kuna na muda mwingine unaopotea bure. Kijana amalizapo kidato cha nne mwezi Novemba, hukaa mpaka mwezi Julai ndipo aingie kidato cha tano. Miezi ile wengine huenda ziwani, wengine huenda mjini kutafuta vibarua, na wasichana wengine huozwa. Hospitali na zahanati zetu zingeweza kuwapokea wachache kati yao kwa zamu, kwa kibali cha wazazi na chini ya usimamizi: kupanga mafaili, kuwaelekeza wagonjwa, kusaidia kliniki ya mama na mtoto katika kazi zisizo za tiba. Msichana anayejulikana kijijini kwamba kila Jumatatu na Alhamisi yuko hospitali akijifunza ni vigumu zaidi kumwoza kimya kimya.

Maadamu tumemtaja msichana, tuseme wazi. Klabu iwekwapo saa kumi na moja jioni, mvulana hubaki na msichana huondoka, kwa kuwa maji, kuni na wadogo zake vyamngoja. Kisha twahesabu majina, twaona wavulana watupu, twasema wasichana hawapendi sayansi. Huo si ukweli. Klabu iwekwe ndani ya ratiba ya shule, mathalan alasiri moja ya juma, kila mtu akiwapo. Na wazazi wa kiume wajiulize kama ndoo ya maji imeandikwa jina la binti peke yake.

Tumesema juu ya faida, sasa tuonye. Kwanza, klabu zisiwe mahali pa kukusanyia vyeti. Twajua vijana wa siku hizi wameambiwa kwamba kila kitu lazima kiwe na karatasi, na wengine hujiunga na vyama vitano wasifanye kazi katika hata kimoja. Afadhali kijana aliyeshika jambo moja kwa miaka mitatu kuliko mwenye fulana za kila mkutano. Pili, siku ya afya isiwe siku ya picha na hotuba ndefu, wagonjwa wakikaa juani wakiwangojea wageni. Tatu, na hili ni zito kuliko yote, mgonjwa si chombo cha kufundishia. Mwanafunzi wa sekondari asichome sindano, asifunge kidonda, asiguse dawa, asimpige mtu picha. Wala asitoke hospitalini akasimulia nani alikuwapo na anaugua nini. Katika mji mkubwa siri ikivuja hupotea katika umati. Suguti twajuana wote, na neno moja laweza kumfanya mtu aache kutumia dawa zake kwa aibu. Anayetaka kuwa daktari na aanze kwa kuutunza ulimi. Hilo laweza kufundishwa hata katika kidato cha kwanza, na halihitaji maabara.

Gharama za mambo haya si kubwa. Yatakiwa mwalimu mmoja mlezi anayepunguziwa vipindi viwili ili apate nafasi. Yatakiwa daftari la kumbukumbu, ili kazi ya mwaka huu isifutike wahusika wamalizapo shule. Yatakiwa barua moja ya makubaliano baina ya shule na hospitali, isemayo wanafunzi watakuja lini, watakuwa wangapi, na nani atawaongoza. Yatakiwa Halmashauri iulize habari za klabu katika vikao vyake kama iulizavyo habari za madawati. Mwuguzi aliyechoka aongezewe shukrani, wala asiongezewe mzigo bila ya kuulizwa. Na kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, wanafunzi wa klabu waende hospitalini wafagie uwanja na kupanda miti, ili wauguzi wajue ya kuwa wanaofundishwa nao wanaiona kazi yao.

Twarudi pale tulipoanzia. Mtoto amesimama mbele ya darasa akasema atakuwa daktari. Twaweza kumpigia makofi na kumwacha, kisha baada ya miaka kumi tukalalamika kwamba hospitali yetu haina mtu wa kukaa. Au twaweza, juma hili hili, kumwonyesha yai la kichocho katika hadubini, kumfundisha kumpulizia pumzi aliyezama, kumketisha na mwanafunzi wa udaktari aliyezaliwa kijiji cha jirani, na kumwambia: njia ni hii, nasi tutakwenda nawe sehemu ya kwanza. Mtoto amekwisha sema lake. Walimu, wazazi, wakuu wa hospitali na ninyi mlioko vyuoni, jibu lililobaki ni letu sisi.